Sambusa za Kitanzania Zilizokunjwa Alby

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri, sitarudia. Shule niliishia darasa la nne, lakini mkataba wa biashara wa Uswidi na Marekani naujua, kwa sababu ulikwama kwenye jina langu.

Mkwe wangu ni Mkenya. Alikuja Stockholm kusoma, akamwoa binti yangu, wote wawili wakachukua uraia wa Uswidi. Tukaanza kutengeneza sambusa pale Alby, mtaa wetu pembeni mwa Stockholm, tukiuzia maduka zikiwa zimegandishwa. Siku ya kuandikisha kampuni, mkwe aliniandikia mimi zaidi ya nusu ya hisa. Kwao na kwetu, huanzishi kitu kwenye nyumba yenye mzee ukamweka mzee nyuma. Hakuna aliyeona kosa. Tulikula pilau.

Baadaye akapata jiko la kukodi Marekani. Mkataba wenyewe unasema hivi: raia wa Uswidi akipeleka mtaji wake kule, anapewa viza ya kwenda kuendesha biashara yake, na familia inamfuata. Mkwe akakosa usingizi kwa furaha.

Tukaenda kwa mwanasheria huko Sundbyberg, mama wa Kiswidi mwenye sauti ndogo. Akaomba pasipoti. Wao wakatoa za Uswidi, mimi nikatoa ya Tanzania. Akaitazama kama mtu aliyekuta unywele kwenye mchuzi, akaongea, binti yangu akatafsiri.

"Mama, anasema kampuni inafuata uraia wa wenye hisa. Angalau nusu iwe ya Waswidi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kampuni yetu ni ya Kitanzania."

Sambusa zimekunjwa Alby, zimegandishwa Alby, hata ndege hazijapanda. Za Kitanzania.

Mwanasheria akasema ama nichukue uraia wa Uswidi, ama nitoe hisa. Uraia nilikataa palepale. Tanzania hairuhusu pasipoti mbili kwa mtu mzima, na mimi sitarudi kuzikwa kwetu kama mtalii. Hisa nilikuwa tayari kumrudishia mkwe. Aliyekataa ni yeye.

"Nimnyang'anye mama mkwe nilichompa kwa heshima? Nyumbani watanisema."

"Watakusema uko Marekani," binti yangu akamjibu.

"Afadhali nibaki."

Na alimaanisha. Kabla hatujatoka niliuliza kuhusu viza yangu mimi. Mwanasheria akasema ni ya mke na watoto tu, mama mkwe hayumo. Nikasema sawa, nikavaa koti.

Sasa mnielewe. Nikikaa na hisa zangu, wanabaki Alby, mlango wa pili kutoka kwangu, na kila jioni wajukuu wanakuja kunijibu kwa Kiswidi. Nikizitoa, wanaondoka, mimi nabaki na mlango. Niliifikiria habari hiyo ndani ya treni, mkwe kaketi mbele yangu kama yuko msibani. Tulipofika kituo cha Vårby gård nikawa nimemaliza.

"Baba, nisikilize," nikamwambia. "Kwetu jiko haliendi kwa mwanamume. Sufuria za mama huzichukua binti. Hisa zangu nampa mkeo, naye ni Mswidi kama wewe. Hujaninyang'anya, wala hujapokea kitu mkononi mwangu. Una neno?"

Akafikiri mpaka Fittja.

"Sina, Mama."

Binti yangu ndiye aliyekuwa na neno. "Na wewe utakaa na nani?"

"Mkataba haujauliza hilo," nikasema. "Shuka, tumefika Alby."

Nikasaini. Viza zikatoka.

Wiki ya kufunga masanduku nilimkuta mjukuu wangu mkubwa kajilaza kwenye sofa na simu yake. Nikamuuliza huko Marekani sambusa atakunja nani. Akanijibu kwa Kiswidi, bila kuinua macho, kwamba mama yake. Mdogo wake akacheka. Baba yao naye akacheka, na yeye kukunja hajui.

Nikaweka unga mezani, nikawaita wote watatu: "Zimeni hizo simu, naweni mikono, kaeni hapa mkunje. Hakuna anayepanda ndege kama sambusa yake inavuja."