Liputa Juu ya Televisheni

Nilipokuwa na miaka tisa, ngurumo ya kwanza ilitosha kugeuza nyumba yetu ya Annexe, pembezoni mwa Lubumbashi. Bibi yangu mzaa baba, tuliyemwita Kambo, alifunika kioo cha chumbani, akageuza sufuria kifudifudi, na aliyevaa nguo nyekundu alivuliwa hapo hapo, awe mgeni au mwenyeji. Kambo alitoka kaskazini mwa Katanga kumfuata mume aliyefanya kazi ya reli, na kwao kila mtu alijua kwamba radi inapenda vitu vinavyong'aa. Tena inatumwa. Mwenye wivu akikuchukia, anaituma, nayo haipotei njia.

Mimi nilizipenda mvua hizo kuliko Noeli. Taa zikizimwa, Kambo alikaa kwenye mkeka, nikaegemeza mgongo wangu tumboni mwake, akanipa hadithi za Kalulu, sungura wetu mjanja. Nilikuwa mjukuu wa mwisho nyumbani na sikuzoea kugawana.

Halafu Baba akanunua televisheni.

Siku ya kwanza Kambo aliitazama kutoka mlango wa jikoni, akasema hakuja mjini kuangalia watu wakibusiana. Wiki haijaisha, kiti chake kilikuwa katikati ya sebule. Kila jioni kulikuwa na mchezo wa kigeni uliotiwa sauti za Kifaransa, habari za msichana wa kazi aliyezaa na tajiri, akanyang'anywa mtoto. Kambo hakujua Kifaransa. Alimpa msichana yule jina la Ngoie, jina la mdogo wake aliyebaki kijijini, akawa anamwonya kwa sauti: "Ngoie, usiende kule. Ule mama iko na roho mubaya."

Watu husema wazee ndio wanaokataa vitu vipya. Kwetu mzee nilikuwa mimi.

Nikaanza kuona mawingu yasiyokuwepo. "Kambo, mvua inakuya. Tufunike televizyo."

"Mvua ya wapi? Bado kiangazi."

Jioni moja alinikubalia, nadhani kwa kunihurumia. Alivua liputa, kitenge chake cha juu, akafunika televisheni, tukakaa gizani. Nilijibanza mahali pangu. Nikaomba ya Kalulu.

"Ngoja kwanza nikuambie Ngoie alifanya nini jana."

"Sitaki Ngoie."

"Ile ya Kalulu unaijua yote. Na miye naijua yote. Hii njo sijue mwisho yake."

Nilimchukia Ngoie kwa moyo wangu wote. Nilitamani radi impate, yeye na nywele zake ndefu, na usiku katika sala nilimwambia Mungu hivyo bila kuficha.

Mvua za kwanza zikaja jioni, saa ya Ngoie. Kioo kilifunikwa, sufuria ziligeuzwa, lakini televisheni iliachwa wazi. Nikamletea Kambo liputa mkononi. "Kambo, inanguruma."

"Bado kidogo," alisema bila kunitazama. "Ngoie anafika ku nyumba kwenye iko mutoto yake."

Msichana alikuwa ameinua mkono kugonga mlango. Pale pale nyumba ikawa nyeupe, kukapasuka kitu juu ya dari, na televisheni ikatoa moshi. Antena ililala uani ikiwa imejikunja. Hatukuumia. Nilichosikia moyoni kilikuwa furaha, furaha tupu, kwa muda wa kuvuta pumzi.

Asubuhi majirani walijaa uani. Mama mmoja muuza makaa alizunguka ile antena bila kuigusa. "Hii haikuya bure," alisema. "Iko muntu aliituma. Nani iko na wivu na hii nyumba?"

Wakaanza kutaja majina. Mimi nilijificha nyuma ya mlango, maana mwenye wivu nilimjua na jina lake lilikuwa langu. Kambo alisikiliza wote. Kisha macho yake yakaja mpaka pale mlangoni, yakakaa kwangu.

"Hakuna muntu," aliwaambia. "Miye njo nilisahau liputa."

Mwanamke aliyeamini radi ya kutumwa kama alivyoamini ubatizo alikana mbele za watu, na hakulitaja jambo hilo tena. Jioni aliifunika televisheni iliyokufa, akakaa kwenye mkeka, akaniita. Alikuwa wangu peke yangu, kama nilivyotaka. Alianza ya Kalulu vizuri, akafika katikati, akasimama.

"Unawaza alimupata mutoto yake?"

Kambo alifariki kabla Baba hajanunua televisheni nyingine.

Sasa nina mvi zangu, na binti yangu Debora ananiegemea jioni huku macho yake yako kwenye simu. Siipendi simu ile. Inachekewa kuliko mimi. Nikasema siku moja, kwa kumchokoza, kwamba hata Kambo aliniacha kwa ajili ya Ngoie, na ikabidi nimweleze Ngoie ni nani: msichana wa kazi, tajiri, mtoto, mlango. Debora alibonyeza-bonyeza simu akiutafuta. Mchezo wote ulikuwemo ndani, tangu mwanzo.

"Mama, ya mwisho njo hii. Tuangalie?"

Nje kulikuwa kunanguruma, na kioo changu nilikuwa nimeshakifunika, maana mimi pia ni wa nyumba ile. Nilidhani nitakataa. Badala yake nilimnyang'anya simu, nikaingia chumbani, nikafunga mlango. Mwisho ule ulikuwa wa Kambo, na sikutaka kuutazama na mtu mwingine, hata mtoto wangu. Wivu wangu haujazeeka hata kidogo. Ila safari hii ulikuwa upande wa Kambo.

Kwenye simu, yule msichana aliinua mkono kugonga. Radi ikapiga karibu, dirisha likatetemeka, na Debora akaita nje ya mlango: "Mama, zima. Radi inakuya."

"Bado kidogo," nikasema.