Malisho ya Juu ya Kanisa

Mwaka wangu wa pili wa ndoa, kule Kirua Vunjo, baba mkwe alitukabidhi wanakondoo wawili mapacha, madume, waliokuwa wameachishwa kunyonya. Mume wangu alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, hivyo mifugo ilikuwa juu yangu na shemeji, mdogo wake.

Shemeji alitaka tuwalishe bondeni, kando ya mto, ambako majani yalimfika mtu kiunoni. Lakini huko ndiko nilikokata majani ya ng'ombe, na nilijua mashina yake yalivyokuwa magumu. Kondoo waliolishwa huko walirudi matumbo yamejaa, lakini ukiwapapasa mgongo unagusa mifupa. Mlimani, juu ya kanisa, palikuwa na majani mafupi, laini, yaliyochanganyika na mmea unaotambaa, wenye majani matatumatatu na maua meupe.

"Shemeji," nikamwambia, "wewe chukua mmoja umpeleke bondeni. Huyu mwingine nampandisha kanisani."

Akacheka. "Majani yale hayafiki hata kwenye kwato! Utamuua kwa njaa."

"Tutaona."

Nilipanda kila siku, mvua ikinyesha, matope yakininasa miguu. Mama mkwe alinung'unika kwamba naacha migomba nikimbilie mlimani. Kila jioni nilimpapasa kondoo wangu, na kila wiki vidole vyangu vilizidi kupata shida kuufikia uti wa mgongo. Wa shemeji alikuwa na kitambi tu.

Siku ya kupeleka kahawa kwenye chama cha ushirika, shemeji mwenyewe akasema tuwapime kwenye mizani. Karani alikubali, naye akitaka kuona kioja. Wake akapanda kwanza. Alipopanda wangu, karani akaongeza jiwe, kisha jingine, na wanawake waliokuwa foleni na magunia yao wakapiga vigelegele.

Baba mkwe akaja, akazamisha vidole kwenye manyoya ya kondoo wangu, kisha ya yule wa shemeji.

"Hawa si mapacha?"

"Ndio, baba. Mama mmoja, siku moja."

Akamgeukia mwanawe. "Kuanzia kesho kondoo wote wapande juu. Mke wa kaka yako atakuonyesha njia."

"Sawa, baba," shemeji akajibu, kisha akanitazama na kucheka. "Umenishinda, shemeji."

Palikuwa na njia ya mkato ya kurudi nyumbani. Sikuipita. Nilishika barabara kuu, kondoo wangu mbele, kichwa changu juu, nikimsalimia kila niliyekutana naye.