Kifuniko cha Kalamu

Kwa miaka mitatu mke wangu aliamini kwamba mkuu wa idara ya maji hanipendi. Kila Ijumaa nilirudi nyumbani na uso wa mtu aliyeonewa, nikamwambia, "Kesho tena zamu ni yangu," naye akamlaani mkuu wangu kwa moyo wote. Maskini mkuu hakuwa na habari. Zamu za Jumamosi tulikuwa tukizigawana wenyewe, watumishi wanne wa bohari ya mabomba, kwa karata.

Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi. Ijumaa, saa ya chakula cha mchana, kila mtu alikuja na kisanduku cha kiberiti chenye njiti ishirini. Katika kila mzunguko uliweka njiti moja mezani, ukapewa karata tatu. Ukiziona mbaya, ulikimbia na kuiacha njiti yako. Ukiziona nzuri, ulibaki na kuongeza njiti mbili. Mwenye jumla kubwa alizoa zote, na kama wengine wote wamekimbia, aliyebaki alizoa bila hata kuonyesha karata zake. Baada ya mizunguko kumi tulifungua visanduku, na mwenye njiti chache ndiye aliyekuja Jumamosi kukaa kando ya simu akisubiri bomba lipasuke.

Wenzangu walikuwa dereva, tuliyemwita Breki kwa sababu gari lake halikuwa nazo, fundi bomba, na msoma mita, mama mwenye heshima zake ambaye sote tulimwita Shangazi. Mimi mtunza bohari waliniita Profesa. Nilidhani wananisifu.

Jina hilo lilitokana na daftari langu. Mimi ni mtu wa kuandika. Katika bohari ile hata kipande cha waya cha nusu mita kina mstari wake, kwa hiyo nilipopoteza Jumamosi tano mfululizo niliona dawa ni kuandika. Daftari la kwanza lilikuwa la kipuuzi: niliandika kiti nilichokalia, upande feni ilikoelekea, na rangi ya soksi zangu. Soksi za kijivu ziliongoza kwa muda, kisha zikanisaliti. La pili lilikuwa na akili kidogo. Nilikokotoa ni mara ngapi karata tatu hufikia jumla ya ishirini. La tatu lilikuwa la watu. Breki akipata karata nzuri, mguu wake huacha kutikisika. Shangazi akiwa na takataka, huuliza habari za watoto wako. Fundi akidanganya hukohoa. Niliyachunguza hayo kwa miezi na yote yalikuwa kweli. Na bado Jumamosi nilikuwa kando ya simu.

Mwaka huu binti yetu alikuwa anamaliza chuo cha uuguzi, na mahafali yaliangukia Jumamosi. Yale ya sekondari sikwenda. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma. Alipoleta kadi ya mwaliko alimkabidhi mama yake. "Baba najua atakuwa kazini," alisema, bila ubaya wowote.

Zilikuwa zimebaki wiki saba. Jumapili moja mchana mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, alitafuta karatasi ya kuandikia vipimo vya mteja, akachukua daftari langu rafuni.

"Hii nini?"

"Kumbukumbu za kazi."

"'Shangazi kauliza watoto wanaendeleaje. Ana takataka.' Kazi gani hiyo?"

Nikaungama yote. Nilitegemea kelele. Badala yake aliketi, akaanza kusoma daftari ukurasa kwa ukurasa, kama anavyokagua gauni lililorudishwa na mteja akitafuta mshono ulioachia.

"Hapa umeandika ulipata karata nzuri mara arobaini na sita."

"Ndiyo."

"Na mara arobaini na moja wote wakakimbia."

"Bahati mbaya."

"Bahati mbaya mara arobaini na moja? Baba watoto, lete karata."

Tukacheza juu ya meza yake ya cherehani, katikati ya vipande vya sare za shule. Mzunguko wa tatu alikimbia. Wa tano alikimbia. Wa sita alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kalamu!" alisema. "Ukipata nzuri unafungua kifuniko cha kalamu. Hata hujashinda, umeshajiandaa kuandika."

Nilikuwa nimeandika miguu ya watu, vikohozi vya watu, hata soksi. Aliyeshika kalamu sikumwandika popote.

"Basi kuanzia Ijumaa siifungui," nilisema.

"Utaifungua, kama kawaida yako. Wakishtuka mapema, wiki ya mahafali utakuwa na nini?"

Hapo ndipo nilipoanza kusoma kweli. Ijumaa sita nilifungua kalamu kwa karata nzuri na kuwatazama wakikimbia huku wakihema kinafiki. "Leo sina mkono kabisa," Breki alisema, na sasa niliona macho yake yakitua kwenye vidole vyangu. Nilipoteza Jumamosi nne kati ya sita. Mke wangu alinifungia chakula: "Nenda, mwanafunzi." Na kila jioni kabla ya kula alinipa karata mbovu, nikafungua kalamu, naye akanitazama shingoni.

"Umemeza mate. Rudia."

Ijumaa ya saba nilicheza mizunguko tisa kwa uaminifu mtupu. Visanduku vilikuwa vimefungwa na hakuna aliyehesabu isipokuwa mimi. Shangazi alikuwa na njiti ishirini na saba, Breki ishirini na sita, fundi kumi na nne. Mimi kumi na tatu.

Mzunguko wa kumi nikapewa mbili, nne na saba.

Nikafungua kifuniko cha kalamu. "Nabaki," nikasema, nikaongeza njiti mbili.

Breki akakimbia. Shangazi akaniuliza habari za watoto, akakimbia. Fundi akatazama karata zake, akatazama kidole changu, akarudi kwenye karata. Hakukohoa. Maana yake alikuwa na karata nzuri. Sikumeza mate.

"Ah, chukua," alisema, akazitupa.

Tukafungua visanduku. Mimi kumi na sita, fundi kumi na tatu. Hakuamini, akanyoosha mkono akazifunua karata zangu.

"Mbili, nne, saba? Lakini si ulifungua kalamu!"

Shangazi akajiziba uso kwa kanga.

"Wewe fundi," Breki akasema taratibu, "mdomo wako unavuja kuliko mabomba yako."

"Kumbe mlijua," nikasema. "Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza, mdogo wangu," Shangazi alijibu. "Watoto hawajambo?"

Kwa furaha niliichomeka kalamu kwenye mfuko wa koti bila kifuniko, na koti ninalo moja. Katika picha ya mahafali binti yangu yupo katikati, sare nyeupe pee, na mimi pembeni nina doa la wino kifuani ukubwa wa kisosi. Sasa kalamu yangu haimtishi mtu yeyote. Haya nayaandika Jumamosi, kando ya simu, katika daftari la nne. Lakini siku ile binti alipotoka ukumbini na kuniona, alisimama ghafla.

"Baba! Nani yuko zamu leo?"

"Fundi."

"Alikubali?"

"Alikimbia," nikamwambia.