Ukuta wa Nyuma

Nakumbuka siku moja ya mvua, mwanangu, na naikumbuka kwa masikio kabla ya kuikumbuka kwa macho. Ilianza na mlio wa chini kwa chini, kama gunia la mawe linaloburutwa. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimesimama uani kwangu kule Mai Mahiu, jembe mkononi, nikiyachimbia mtaro maji ya mvua. Nikadhani ni lori limepinduka barabarani. Kisha kuku wakaruka wote kwa pamoja, na ardhi ikatikisika chini ya miguu yangu.

Wewe umesikia habari za nyufa za huku kwetu. Si bure wanaliita Bonde la Ufa. Udongo wetu pale chini ya mteremko ni kama majivu. Mvua ikizidi, maji huula kwa ndani, kimya kimya, na juu nyasi zinabaki mbichi kana kwamba hakuna lolote. Mimi wakati huo sikuyajua hayo. Nilikuwa fundi wa mawe. Nyumba ile ya vyumba viwili niliijenga kwa mikono yangu, nikamwoa Nyambura nikamwingiza humo, na mtoto wetu wa kwanza, Njeri, akazaliwa tukikaa humo. Saa ile Njeri alikuwa amelala chumba cha nyuma.

Nyambura alikuwa jikoni, kibanda cha nje. Tulifika mlangoni pamoja. Sakafu ya chumba cha mbele ilikuwa imefunguka kutoka ukuta hadi ukuta, na meza yetu imetumbukia humo miguu juu. Nilichungulia, sikuona mwisho. Kulitoka harufu ya udongo baridi, harufu ya kaburi lililochimbwa asubuhi. Na ng'ambo ya shimo lile, nyuma ya pazia, mtoto akaanza kulia.

Mwanangu, kuna hofu inayokupa mbio, na kuna hofu inayokunyang'anya miguu. Mimi ilinipata hiyo ya pili. Ni Nyambura aliyenivuta shati.

"Dirisha, Baba Njeri! Dirisha la nyuma!"

Tukazunguka. Nikavunja kioo kwa jembe, nikamnyanyua akaingia. Nikabaki pale nje mikono imenyooshwa, nikisikiliza mabati yakilia na misumari ikichomoka. Sijawahi kungoja kitu kama nilivyomngoja yeye arudi pale dirishani. Akanipitishia mtoto amefungwa ndani ya leso. Kisha nikamvuta yeye mwenyewe, akachanika mkono kwenye kioo, na hakuna aliyeona damu mpaka baadaye. Hatujafika kwenye uzio, ukuta wa mbele ukalala ndani ya shimo polepole, kama mzee anayeketi.

Sote watatu tulikuwa hai. Ungedhani hapo ndipo hadithi inapoishia, na mimi nikapiga magoti kushukuru. La. Msiba ule ulikuwa wa siku moja, lakini hofu yake ilikaa.

Majirani walitupa pa kulala, Mungu awazidishie. Lakini kinywa ni jumba la maneno. Watu walikuja kutazama shimo, wakitoka hapo wanaulizana msingi ulikuwa wa namna gani. Wengine walisema nimelaaniwa. Wakaniita Fundi wa Shimo. Bwana mmoja niliyekuwa nimepatana naye kumjengea duka alinisimamisha sokoni, hakunitazama usoni. "Boss, ile kazi tuiache kwanza," akasema. Sikumlaumu. Na mimi pia ningeiacha.

Nyambura na mtoto wakaenda kwa mama yake kule Ndabibi. Mimi nikapanda hadi Salgaa kutafuta kibarua, nikawa naosha malori. Aliyeumwa na nyoka, akiona unyasi hushtuka. Kila lori zito likipita ardhi hutetema kidogo, na mimi nikawa naachilia ndoo nashika ukuta ulio karibu. Madereva walicheka. Nilitembea nikiigonga ardhi kwa kisigino kabla ya kuikanyaga. Nilipolala niliweka viatu karibu na mlango. Mwiko na timazi yangu, vyombo vilivyonilisha, nilivifunga ndani ya gunia nikavisukuma chini ya kitanda, na mtu akiniuliza kazi yangu nilimwambia mimi ni wa kuosha magari. Hata nilipokuwa peke yangu sikujiita fundi tena. Huo ndio umaskini mbaya, mwanangu, kuliko wa mfuko.

Sasa, adhuhuri moja, nikiwa nimeinama kwenye tairi la lori, nikaona miguu ndani ya gumbuti zenye tope imesimama kando yangu. Nikainua macho. Alikuwa mama mkwe.

Elewa jambo hili: kwetu mama mkwe huheshimiwa kwa mbali. Hamkai meza moja mkapiga domo. Yule mama tangu nioe alikuwa amenisalimia tu na kuniombea. Kumwona amesafiri kutoka Ndabibi hadi kituo cha malori, nikajifuta mikono kwenye suruali. Nilijua amekuja kuniambia binti yake hatarudi kwangu.

Nikampeleka kwenye hoteli ya karibu, nikamwagizia chai. Akaishika bila kunywa.

"Nyambura ameniambia umeacha kujenga," akasema.

"Mama, nyumba yangu ilimezwa. Nani atakubali kulala ndani ya kitu nilichojenga mimi?"

"Ukuta wa nyuma ulijengwa na nani?"

"Ukuta gani, Mama?"

"Ule wenye dirisha. Pale mjukuu wangu alipopitishwa."

"Ni mimi."

"Ulianguka?"

Nilikuwa nimeirudia siku ile kichwani mara nyingi kuliko nywele zangu, lakini kila mara nilitazama shimo. Sikuwa nimetazama kwingine.

"Haukuanguka, Mama. Si siku ile."

"Ardhi imefunguka, mabati yanavutwa, na wenyewe umesimama mpaka mtoto akatoka, na mama yake akatoka. Mimi namtafuta fundi aliyejenga ukuta huo. Nataka anijengee chumba cha mawe." Ndipo akanywa chai. "Na wewe uko hapa unaomboleza ulioanguka. Uliosimama hujaushukuru hata siku moja."

Dereva akaita kutoka nje: "Boss, gari yangu vipi?"

"Mwambie atafute mwingine," mama mkwe akasema. "Wewe nenda ulete vyombo vyako."

Nikaenda naye Ndabibi. Usidhani hofu ilibaki Salgaa. Nilipochimba msingi wa kile chumba nilisimama kila baada ya pigo la jembe kuisikiliza ardhi. Nilimwaga maji kila kona nikapiga magoti kutazama yanakoelekea. Yaliponywewa haraka, nilihama na kuchimba pengine. Wajomba wa Nyambura walinung'unika kwamba nachelewesha. Mama mkwe akawaambia waniache. Nikashuka mpaka nikapata ardhi ngumu inayorudisha sururu, ndipo nikaweka jiwe la kwanza. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nilikuwa nikijiambia, na sikuwa nikiyaamini maneno hayo. Niliyasema tu, kama mtu anayepuliza jivu akitumaini kuna kaa.

Alasiri tuliyopigilia bati la mwisho, mvua ilishuka. Mvua ile ile, ya matone mazito. Nikasikia mlio. Labda ulikuwa radi, labda ulikuwa kichwa changu. Nikaruka kutoka juu ya ukuta nikakimbia mpaka katikati ya shamba la mahindi, nikasimama nimelowa, nikikingoja kile chumba kizame.

Mama mkwe alipita kando yangu amebeba karai la viazi. Akaingia chumbani, hata mlango haujatiwa, akaketi sakafuni akaanza kumenya. Nyambura akamfuata, mtoto mgongoni.

"Mama, tokeni!" nikapiga kelele. "Nawaomba, tokeni!"

"Tutoke twende wapi, Baba Njeri?" mama mkwe akajibu bila kuinua kichwa. "Mvua iko huko nje."

Nyambura alinitazama tu, na nikaona kwamba naye anaogopa. Alikuwa ameketi pale na hofu yake yote, kovu likionekana mkononi.

Nikaingia. Nilitembea kama mtu anayevuka mto asioujua. Nikaweka kiganja ukutani, nikakiacha hapo mpaka mvua ikaisha. Ukuta haukunijibu neno. Ulisimama tu.

Chumba kile kipo mpaka leo, na mama yule alikufa akiwa mzee sana akiwa ndani yake. Shamba la Mai Mahiu hatukulipata tena. Ufa ulizidi kulila, na huo ni uchungu ambao sikupona. Kazi nazo zilirudi kidogo kidogo, jirani mmoja kisha mwingine, mpaka nikajenga hata upande wa mjini Nakuru. Na bado mvua ikinguruma kutoka mlima Longonot, mimi mzee huyu huamka nikapapasa ukuta.

Basi nisikilize, mwanangu, wewe uliyefeli, uliyefutwa, uliyeachwa, unayelala na viatu mlangoni. Usingoje hofu iondoke ndipo uanze. Huenda isiondoke. Ipe kazi: ikuchimbishe msingi zaidi, ikupigishe magoti uone maji yanakwenda wapi. Na unapoyahesabu yaliyoanguka, kuwa mwaminifu, hesabu pia yaliyosimama, maana hayo nayo uliyajenga wewe. Usiliache jina la kazi yako kwa sababu ya vicheko vya watu. Na ukishindwa kabisa kujiamini, mwamini kwanza anayekuamini, mpaka moyo wako ufike.

Mungu aliyetupitisha dirishani akupitishe na wewe. Akupe ardhi ngumu chini ya nyayo zako, na watu watakaokubali kuketi nawe mvua ikinyesha. Mikono yako isikose kazi, na kazi yako ikutangulie kwa jina jema. Thaai, mwanangu. Amani ikukalie.