Majoho Thelathini na Moja

Mama Pasi alikuwa dobi wa mawakili kwa miaka ishirini na miwili, na katika muda wote huo hakuna wakili aliyefanikiwa kumdanganya. Si kwamba hawakujaribu. Ila mdomo wa mtu ni kitu kimoja, na kola yake ni kitu kingine. Duka lake lilikuwa chumba kimoja mkabala na lango la mahakama: meza ya kupigia pasi, ndoo tatu, na bomba la kutundikia majoho lililotoka ukuta hadi ukuta. Kwa kola alijua nani hutoka jasho mbele ya jaji gani. Kwa mifuko alijua nani amerudia sigara baada ya kumwapia mkewe.

Kwa hiyo Chama cha Mawakili kilipotangaza kwamba Alhamisi wanachama wote wataandamana kwa majoho kumpinga Rais aliyejiongezea muhula wa nne, Mama Pasi hakuhangaika na redio. Alisubiri nguo.

Zilikuja Ijumaa asubuhi, majoho thelathini na moja. Yote yaliletwa kufuliwa, maana ambaye joho lake halikwenda kwa dobi angeonekana hakuandamana. Aliyapitia moja moja kama mwalimu anayesahihisha madaftari. Polisi walikuwa wamerusha mabomu ya machozi kwenye kona ya kwanza tu ya barabara. Aliyefika pale, joho lingesema.

Majoho ishirini na sita yalinukia manukato. Mawili kati ya hayo yalikuwa bado na mikunjo aliyoipiga yeye mwenyewe Jumatano. Jingine lilikuwa na kibandiko kifuani, HATUOGOPI, na mfukoni risiti ya maegesho ya hoteli, saa nne hadi saa nane. Maandamano yalianza saa nne na nusu.

"Hawaogopi," aliiambia pasi yake. "Maegesho yana mlinzi, waogope nini?"

Manne yalikuwa na harufu ya moshi wa mbali. Wenyewe waliiona kona, wakageuka. La thelathini na moja lilimtoa machozi kabla hajalikunjua. Mkono wa kushoto haukuwapo.

Angecheka siku nzima, kama si mdogo wake. Mdogo wake wa mwisho alikuwa mpiga chapa, na ndiye aliyewachapia mabango. Polisi hawakumgusa wakili hata mmoja nyumbani kwake. Walikwenda kwa mpiga chapa, wakamchukua yeye na mashine yake. Jumatatu saa tatu angesimama mbele ya hakimu kwa kosa la uchochezi, na asiye na wakili siku ya kwanza alirudishwa rumande mpaka watakapomkumbuka.

Jumamosi Mwenyekiti wa Chama alikuja mwenyewe, gari likinguruma nje.

"Mama, joho langu usilifue. Na hivi vitambaa vyeupe vya shingoni ndivyo usiviguse kabisa. Unaona hili doa? Damu hiyo. Jumatatu nina mabalozi na waandishi wa habari. Nataka waone."

Mama Pasi alivipokea akavinusa. Damu ikikauka hukakamaa. Doa hili lilikuwa laini, na lilinukia kahawa ya maziwa.

"Pole sana, mheshimiwa. Umetoka mbali." Kisha akaiweka chini pasi. "Mdogo wangu anapanda kortini Jumatatu. Yule aliyewachapia mabango. Nani anamsimamia?"

Mwenyekiti alitazama saa yake. "Ah, hilo ni suala nyeti, mama. Tumeunda kamati ndogo. Tukimtetea harakaharaka, serikali itasema alikuwa mtu wetu."

"Kwani alikuwa mtu wa nani?"

"Ndicho ambacho kamati itakiangalia," alisema, na sauti yake ilikuwa ileile nzuri ya redioni. "Usilifue, eh?"

Alasiri akaja mwenye joho lililochanika. Wenzake walimwita Wakili wa Ngazini, kwa sababu ofisi yake ilikuwa meza moja chini ya ngazi za jengo la watu wengine. Alikuwa mwanamke mfupi, na macho yake yalikuwa bado mekundu.

"Shikamoo, mama. Mgonjwa wangu amepona?"

"Marahaba, mwanangu. Mkono umekwenda na polisi."

Wakili akalishika joho, akaligeuza huku na huku. "Nilitaka nimsimamie mdogo wako. Lakini hakimu wa Jumatatu namjua. Mwaka jana alikataa kunisikiliza kwa kukosa kifungo kimoja. Na sina lingine."

Mama Pasi alimkazia macho kwa hasira. Hakuzoea wakili wa kumkosesha sababu ya kumdharau, ilimharibia hesabu. Akainua macho kwenye bomba.

"Wewe ni mfupi," alisema. "Nitalipandisha pindo."

Jumapili alifua. Damu ya Mwenyekiti ilitoka kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida, mara moja tu.

Jumatatu hakimu alimkagua Wakili wa Ngazini toka shingoni hadi miguuni, asione kasoro. Mwendesha mashtaka aliomba siku kumi na nne za rumande. Hakuwa amejiandaa kukuta mtu wa kumuuliza za nini. Saa tatu na nusu dhamana ikakubaliwa. Mashine ilibaki polisi. Mama Pasi akarudi dukani kusubiri karatasi zikamilike.

Saa tano Mwenyekiti akaingia. Mabalozi walikuwa wameuwahisha mkutano.

"Joho langu liko wapi?"

"Lipo kortini, mheshimiwa."

"Kortini? Linafanya nini huko?"

"Linamtetea mpiga chapa. Kamati ilikuwa na shughuli nyingi."

"Na... ile damu?"

"Ilitoka vizuri. Sabuni ya unga tu."

Macho ya Mwenyekiti yalikuwa yameshavuka barabara. Pale langoni Wakili wa Ngazini alikuwa akitoka na mpiga chapa, na mbele yao alisimama mtu mwenye kamera. Mwenyekiti akanyoosha tai, akatoka mbio bila kuaga.

Mama Pasi alisimama mlangoni akimhesabia. Toka dukani hadi kwenye kamera zilikuwa hatua thelathini na nne. Hayo ndiyo maandamano yake.