Mshona Maiti na Karatasi ya Nimonia

Mochwari nzima walimwita Cherehani, maana kwa miaka thelathini na mmoja ya kushona maiti baada ya uchunguzi hakuwahi kuacha mshono uliopinda. Zamani mgonjwa wa Ukimwi akifia wodini, ndugu wakiridhia, alipasuliwa, na madaktari walishuka wote kutazama walipokosea. Walibishana, wakaumbuka, wakajifunza. Siku hizi daktari anaandika jina la ugonjwa, anapiga muhuri, anakwenda zake kunywa chai.

Asubuhi moja alikuja mjane na fomu ya kuruhusu mumewe apasuliwe mkononi. Mumewe, naye mgonjwa wa Ukimwi, kaandikiwa nimonia, na yeye mwenyewe anakohoa mwezi wa pili sasa.

"Baba, nataka kujua kilichomuua," alimwambia Cherehani. "Nina mtoto ananyonya."

Daktari kijana aliyemtibu marehemu, na aliyeshuka naye mjane, aliguna. "Mzee, picha ya kifua ilishasema nimonia."

"Ilisema yenyewe, au wewe ndiye uliyeisemea?"

"Una maneno wewe!"

"Maneno ninayo mimi, kisu unacho wewe. Au unaogopa marehemu atakuumbua?"

Daktari akavaa barakoa na glavu kwa hasira. Cherehani akamfunga aproni kwa nyuma, akaikaza kama anafunga mzigo wa kuni.

"Unaniua, mzee!"

"Ukifa nitakushona vizuri, usiwe na wasiwasi."

Walipofungua, utani uliisha. Mapafu yalikuwa yamejaa vipunje vyeupe, vidogo kama mtama. Kwenye ini vilikuwepo. Kwenye bandama vilikuwepo.

"Kifua kikuu," daktari alinong'ona. "Kimetapakaa mwili mzima. Na mimi nilikuwa nampa dawa za nimonia."

Cherehani alikuwa na la kusema, tena kali, lakini alimtazama kijana usoni, akalimeza.

Daktari akanawa, akavuta karatasi aandike ripoti. Cherehani akamnyang'anya kalamu.

"Karatasi haikohoi, mwanangu. Anayekohoa yuko kwenye benchi hapo nje."

Daktari alitoka. Mlango haukufungika sawasawa, na Cherehani, ambaye kusikiliza ya watu hakuwahi kuonea haya, alisikia kila neno.

"Mama, nilikosea. Mumeo alikuwa na kifua kikuu, na dawa yake ipo. Twende tukapime makohozi yako sasa hivi, na mtoto aonwe. Nitakupeleka mwenyewe."

Kisha benchi likalia, na nyayo za watu wawili zikapanda ngazi pamoja.