Vidonge Ndani ya Kopo la Dalia

Mimi sikusoma sana, nimeishia darasa la pili na juzuu chache za Kurani chuoni, basi mtanivumilia nikirukaruka. Nataka kusema habari ya vidonge vya kuzuia mimba, vile vya zamani, tulivyokuwa tukivimeza huku tunaviogopa. Siku hizi msichana anakwenda kliniki, anapewa, anakunywa huku anasoma simu. Sisi tulivificha kama watu wanavyoficha bangi.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi, wakati wa foleni za unga na mchele. Tukikaa nyuma ya Darajani, mimi, mume wangu fundi cherehani, watoto wetu wanne na mama mkwe wangu. Mtoto wa nne alinitoa damu mpaka mkunga akafunga mlango, akaniambia, "Bibi we, wa tano atakuzika." Nikamweleza mume wangu. Akasema mkunga si Mungu. Hakuwa mtu mbaya, alipenda tu nyumba iwe na kelele za watoto.

Shoga yangu wa mlango wa pili alikuwa na dada yake muuguzi Dar es Salaam. Alipokwenda kumtazama alirudi na paketi tatu, amezitia ndani ya mto wa mtoto, akanipa na mto wenyewe; na kila safari akaniletea nyingine.

"Kimoja kila jioni, usiruke," akanambia.

"Vinafanya nini tumboni?"

"Vinakaa."

"Vinakaa wapi?"

"We mwanamke, unataka nikuchoree ramani?"

Sikutulia. Mtaani ilisemwa vinarundikana tumboni kama kokoto. Ilisemwa vimeletwa ili tumalizike. Tena tukisikia wakubwa wa serikali hawavitaki kabisa, na anayekutwa navyo atatiwa ndani. Kweli si kweli sikuuliza, maana siku zile kuuliza kwenyewe kulikuwa na hatari yake. Nikawaza, kitu kama punje ya mtama kinachomzuia mtu mzima asizaliwe, mimi kitanifanya nini? Cha kwanza nilikilamba tu nikakirudisha. Siku ya pili nikameza nusu. Siku ya tatu nikamkumbuka mkunga, nikameza chote.

Nilivificha katika kopo la dalia. Dalia, kwa asiyejua, ni ule unga wa manjano wenye harufu ya maua tunaojipaka wanawake wenye waume. Mwanamume hagusi kopo lile, na mama mkwe alikuwa mjane. Nikajiona hodari.

Kosa langu lilikuwa moja. Paketi ikimalizika ilitakiwa upumzike siku saba, damu ije, ndipo ufungue nyingine. Hayo niliambiwa na nesi miaka mingi baadaye, akacheka mpaka akakaa chini. Karatasi ya ndani ilikuwa ya Kizungu, na mimi nililishika neno la shoga yangu, usiruke. Nikaunganisha paketi na paketi. Damu ikakata. Na Ramadhani ikaingia.

Sasa nieleze desturi ya nyumba ile. Mwanamke akiingia mwezini hafungi, lakini hatangazi. Mama mkwe kila asubuhi aliacha jikoni bakuli limefunikwa kawa, lina muhogo wa nazi na kipande cha ng'onda, samaki mkavu. Mwenye udhuru anakula kimya, anaosha bakuli, analifudikiza mdomo chini. Mama mkwe akilikuta hivyo anajua, na hakuna aliyesema neno. Lisipoguswa, adhuhuri wanakula watoto. Yeye alikuwa mtu mzima, hana siku zake tena, kwa hiyo bakuli lilikuwa langu peke yangu.

Ramadhani ile wakala watoto siku zote. Kumi la kwanza likapita, la pili likapita. Nikaanza kumwona mama mkwe ananitazama nikifuturu, nami nikawa namtazama anavyonitazama. Nikiinuka, macho yake kiunoni. Nikikaa, macho yake mikononi. Hata uji akiniongezea nauchungulia kwanza. Nilijua swali linakuja. Nikisema nina mimba, tumbo litanisuta. Nikisema sina, ataniuliza damu imekwenda wapi. Na akimwambia mwanawe, basi tena: nshamsikia mume wangu akimsifu mtu wa Chukwani aliyemkuta mkewe na dawa hizo akamwacha siku ile ile.

Siku ya ishirini na tatu, baada ya alasiri, akaniita.

"Naam, mama."

Amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Hakuinua uso.

"Bakuli langu lina kasoro gani?"

"Halina, mama."

"Watoto wamenenepa Ramadhani hii. Na wewe kila magharibi unashika tende kwa vidole vya manjano. Mwanamke gani anajipaka dalia ncha za vidole viwili tu?"

Nikatazama vidole vyangu. Nikavikunja ndani ya kanga.

"Mama, mkunga alisema..."

"Sijakuuliza ya mkunga." Akakuna mpaka kifuu kikalia. Nilisahau kusema, binti yake wa pekee alikufa kwa uzazi kabla mimi sijaolewa, na habari yake haikutajwa nyumbani mle. "Mwanangu ananiuliza kama umeshika mimba. Keshaanza kufurahi. Kesho na siku nne za mbele, bakuli nilikute tupu."

"Nile, nami sina udhuru? Ramadhani hii, mama."

"Nani kakwambia ule? Paka yupo."

Nikatoka pale sijui nimeokolewa au nimetegwa. Bakuli tupu si ndio ushahidi wenyewe wa uongo wangu? Asubuhi nikampa paka. Paka wetu, kwa kuzoea mjini, akala ng'onda, muhogo akaunusa akaenda zake. Ikabidi niubebe ndani ya kanga mpaka kwa kuku wa shoga yangu. Nikaosha bakuli, nikalifudikiza, nikangoja.

Magharibi mume wangu akanisogezea tende.

"Usimhimize mkeo," mama yake akasema. "Leo hakufunga."

Sijapata kumsikia akilitamka neno hilo mbele ya mwanamume. Mume wangu akainamia uji wake, na ya mimba hakuuliza tena.

Nilimshukuru mama mkwe kwa moyo, kwa mdomo sikuthubutu. Na jioni ile ile nikavihamisha vidonge, nikavirudisha ndani ya mto wa mtoto.

Siku ya Idi nikafungua kopo nijipake. Lilikuwa limejaa pomoni, dalia mpya, imesagwa nyumbani. Mjane hana haja ya dalia. Alilijaza kunipa zawadi, au alilifungua kwanza kutafuta vidonge, mpaka anakufa sikumuuliza. Vidonge vikabaki ndani ya mto, na wa tano sikumzaa.